Juu ya Vitu Vijiponyavyo, na Ufa Usioonekana



Katika lugha yetu chungu hakiponi. Mtu hupona, ng'ombe hupona, hata mti uliochubuliwa gome hupona. Lakini chungu kikipasuka huungwa, nguo ikitatuka hushonwa, na jembe likilegea hupigiliwa kabari. Wazee hawakutuwekea maneno haya mbalimbali bure. Chenye uhai hupona kwa kazi ifanyikayo ndani yake, hali kisicho na uhai hungoja mkono wa mwingine. Tangu utoto wangu sikupata kumsikia mtu akisema kwamba ndoo yake ilikuwa na ufa jioni, na asubuhi akaikuta imepona. Mtu angalisema hivyo, tungalimwuliza usiku ule alikunywa nini.

Hata hivyo wako wenye elimu ambao tangu mwaka 2001 wanasema maneno ya namna hiyo, wala si walevi. Wamefanya plastiki ambayo ikipasuka hujiunga yenyewe, pasipo fundi, pasipo moto, na pasipo gundi ya dukani. Nimezisoma habari zao kwa furaha, maana ni kazi ya akili nyingi na uvumilivu mwingi. Lakini zimeniachia maswali mawili. La kwanza ni jepesi: je, yafaa kuliita jambo hili kupona? La pili ni zito, nami sikukutana nalo vitabuni. Nalikutana nalo katika njia ya udongo, kwa ajili ya kofia ya pikipiki. Nitalifikia.

Plastiki, kama wengi wajuavyo, ni ya jamaa ya vitu viitwavyo polima, yaani vitu ambavyo chembe zake ndogo kabisa zimefungamana kama minyororo mirefu sana. Minyororo hiyo ikisongamana na kushikana, twapata ndoo, na tangi la maji, na kamba, na bomba, na ganda la redio. Kitu cha namna hii hakivunjiki chote mara moja. Kwanza huingia ufa ulio mwembamba kuliko unywele, tena mara nyingi ndani, si juu. Jua, na mzigo, na kutikiswa kila siku huuongeza, hata siku moja ndoo yaachana mikononi mwa mtoto kisimani, nasi twamlaumu mtoto.

Sisi huziba kwa kisu kilichotiwa motoni: twayeyusha kipande cha plastiki kuukuu juu ya ufa, na kovu lake ni baya, lakini maji hayavuji. Mithali yasema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni neno la kweli. Lakini tazameni, mithali hii yasadiki kwamba ufa umekwisha kuonekana. Haisemi lolote juu ya ufa uliojificha. Na katika kazi za siku hizi nyufa zilizojificha ndizo za hatari. Mabawa ya ndege nyingi za sasa hujengwa kwa nyuzi za kaboni zilizoshikwa na gundi ngumu iitwayo epoksi, tabaka juu ya tabaka. Fundi akiangusha spana juu yake, huenda juu kusionekane ila kibonyeo kidogo, na huku ndani tabaka zimeachana.

Basi katika Chuo Kikuu cha Illinois, huko Urbana-Champaign nchini Marekani, walikuwapo walimu Scott White, Nancy Sottos na Jeffrey Moore, ambao pamoja na wenzao walijiuliza: ikiwa jicho haliwezi kufika ndani, je, dawa yaweza kukaa huko tangu mwanzo? Wakatengeneza vifuko vidogo mno, upana wake karibu sehemu mbili za kumi za milimita, na ndani yake wakatia kimiminiko. Vifuko hivyo wakavichanganya katika epoksi kabla haijaganda, kama mpishi achanganyavyo zabibu kavu katika unga wa keki, wakatia na chembe za kichocheo, yaani kitu kifanyacho kimiminiko kile kigande. Epoksi ikaganda, navyo vikatulia humo. Ufa unapokuja, hupasua vifuko vilivyo katika njia yake. Kimiminiko hutoka, huvutwa ndani ya ufa kama mafuta yapandavyo katika utambi, hukutana na kichocheo, kisha huganda na kuzishika pande mbili. Waliacha saa 48 zipite bila kutia moto. Walipokipima tena, uimara wake wa kukataa kupasuka ulikuwa umerudi, katika jaribio lililofaulu kuliko mengine, kiasi cha 75 kwa mia. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2001 katika gazeti la elimu liitwalo Nature. Naomba msomaji aikumbuke hesabu hiyo ya 75, maana nitairudia.

Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza, nilipendezwa hasa na nia yao. Fundi kwa desturi hukisifu kitu chake kwamba hakivunjiki. Hawa walianza kwa kukiri kwamba kitavunjika, na siku ile ile ya kukiumba wakakiwekea akiba kwa ajili ya jeraha ambalo halijaja. Mama amfungiaye mtoto chakula cha safari hamtakii njaa. Aijua njia tu. Ndivyo nilivyowaona watu hawa.

Lakini akiba huisha. Kifuko kilichopasuka hakijai tena, na ufa ukirudi mahali pale pale hukuta maganda matupu. Kwa hiyo mwaka 2007 watu wa chuo kile kile walitengeneza kitu chenye mifereji myembamba chini ya ngozi yake, kwa kuufuata mfano wa mishipa ya damu, hata dawa ikaweza kupanda tena na tena. Wakaona ufa wa mahali pamoja ukiungwa hata mara 7. Mwaka 2014 walikwenda mbali zaidi, wakajaza tundu, wala si ufa tu. Vimiminiko viwili vilipita katika mifereji miwili, vikakutana tunduni, vikawa kwanza kama uji mzito usiomwagika, kisha vikawa vigumu. Mahali palipoharibika upana wa zaidi ya milimita 35 palijazwa kwa dakika 20, na baada ya saa 3 pakaweza kufanya kazi tena. Profesa White alifariki mwaka 2018, na wenzake wakaendelea na kazi hiyo.

Wako wengine waliokwenda kwa njia isiyo na akiba yo yote. Mjini Paris, mwaka 2008, Ludwik Leibler na wenzake walitangaza mpira wa namna ngeni. Waliutengeneza kwa asidi zipatikanazo katika mafuta ya mimea, pamoja na yurea, ile ile tuijuayo katika mbolea ya dukani. Mpira wa kawaida hushikwa na vifungo vyenye nguvu visivyofunguka. Huu hushikwa na vifungo dhaifu vilivyo vingi sana, viitwavyo vifungo vya hidrojeni, ambavyo hufunguka na kufungika tena. Ukiukata kwa wembe, kisha ukazigusanisha pande zake mbili kwa dakika chache, hushikana bila gundi wala moto, na ukiziacha zikae pamoja zaidi, mpira wavutika tena mara kadhaa ya urefu wake. Ila liko sharti. Unapokatwa, vifungo vingi katika uso wa mkato huachwa vitupu, kama mikono iliyonyoshwa ikitafuta ya kushika. Ukichelewa kuzikutanisha pande mbili, mikono ile hugeuka na kushikana yenyewe kwa yenyewe katika upande wake, na baadaye hata ukizisukuma pande zile pamoja hazishikani vema kama kwanza.

Hapo niliweka gazeti chini. Nimeketi katika mabaraza mengi ya ndugu waliogombana kwa ajili ya mpaka wa shamba, nami najua jinsi ugomvi wa juzi ulivyo mbali na ugomvi wa miaka kumi, ambao kila upande umekwisha kupata wa kushikana naye kwao. Sisemi kwamba mpira wafundisha watu; mpira haumfundishi mtu. Nasema tu kwamba niliitambua sura ya jambo lile.

Huko Tokyo nako, mwaka 2018, Takuzo Aida na wenzake walitangaza plastiki ngumu kama kioo, ambayo vipande vyake hushikana vikikandamizwa kwa mkono katika joto la kawaida la chumbani. Yu Yanagisawa, mwanafunzi aliyeligundua jambo hili, alikuwa akitengeneza gundi tu.

Sasa swali la kwanza. Rafiki yangu mmoja apendaye mabishano aliniambia: Pasipo uhai hapana kupona, huko ni kuungwa tu, ila fundi amekwisha kuondoka. Naona amesema nusu ya kweli. Mwili hujijenga kwa chakula ulacho leo. Plastiki hujiunga kwa kile alichowekewa na aliyekwisha kwenda zake, au kwa tabia ya vifungo alivyochaguliwa. Lakini lugha hukopesha maneno kila siku. Twasema saa imekufa, na gari limechoka, wala hatumdanganyi mtu. Basi neno la kupona na likopeshwe. Ila mkopaji akumbuke kwamba liko jambo moja ambalo hakukopeshwa pamoja nalo: mwili unapopona, huuma.

Maumivu hatuyapendi, lakini tuyatazame kazi yake. Mguu uliovunjika hauchukui gunia, kwa sababu wenyewe wakataa. Mwenye mguu huchechemea, na jirani amwonaye huja kumpokea mzigo. Kwa hiyo wakati wote wa kupona, mwenyewe na watu wake wanajua kwamba nguvu hazijarudi zote. Plastiki yenye vifuko haichechemei. Hupasuka kimya, huungwa kimya, nayo hubaki na uso laini kama jana.

Mwaka 2005 kampuni ya Nissan ya Japani ilitangaza rangi ya gari ambayo mikwaruzo yake midogo hujifuta baada ya siku chache. Sina ugomvi na rangi hiyo, maana mkwaruzo juu ya rangi haumwui mtu. Nami nalijiambia vivyo hivyo juu ya kofia yangu, ya kwamba ina mkwaruzo tu.

Habari yenyewe ni hii. Kofia yangu ngumu ya pikipiki ilianguka kutoka katika usukani juu ya jiwe la mlangoni. Nikaiokota, nikaona mstari mweupe ulio mrefu kama kidole. Nikaugusa kwa ukucha, ukucha ukanasa. Mtu ambaye ukucha wake umenasa anajua alilolijua. Lakini nilichukua dawa ya viatu nyeusi, nikausugua mstari ule hata usionekane. Baadaye nilipopata kofia nyingine, ile ya kwanza nikampa mwinjilisti wa mtaa wa mbali, mtu mzima kuliko mimi, ambaye alikuwa akipanda pikipiki bila kofia yo yote. Akanishukuru sana. Sikumwambia neno, nami nikajiona nimetenda jambo jema.

Majira ya mvua alianguka katika mteremko. Kofia ikapasuka katika mstari ule ule wa dawa ya viatu, naye akaumia juu ya sikio, akalala hospitali siku kadhaa. Nilipokwenda kumtazama, alinihurumia. Akasema, "Baba Mchungaji, watu wa dukani walikuuzia kofia mbovu." Nikanyamaza. Siku ya tatu nikarudi, nikamwambia jinsi ilivyokuwa, pamoja na habari ya dawa ya viatu. Alikaa kimya kitambo, akitazama dirishani. Kisha akasema, "Mchungaji, ungaliniambia, ningaliivaa vile vile, maana sikuwa na nyingine. Lakini ningalikwenda polepole."

Neno hilo la kwenda polepole nimelichukua mahali pengi tangu siku ile. Kabla yake nalidhani kwamba kosa langu lilikuwa kutoa kitu kibovu. Yeye alinionyesha kosa jingine. Mtu maskini huweza kutumia kitu kibovu maisha yake yote, akakitumia kwa akili, mradi akijue. Nilipouficha ufa, nilimnyang'anya ile akili.

Sasa tuseme kofia ile ingalikuwa ya plastiki ijiponyayo. Ufa ungalizibwa usiku ule ule katika msumari wake ukutani. Ukucha wangu usingalinasa. Ningalimpa mwinjilisti kofia yenye 75 kwa mia, au chini ya hapo, nikidhani nampa mia, naye angaliteremka kwa mwendo wa mia. Mimi ningalikuwa sina hatia, naye angalikuwa na hatari. Hili ndilo swali langu la pili: je, kupona ambako hakujulikani na mtu, hata na mwenye kitu, ni kheri?

Sitaki kuwaonea mafundi wale. Kiasi cha 75 ni bora mara nyingi kuliko nilichokitoa mimi, na huenda kofia ya namna hiyo isingalipasuka. Tena ziko sehemu ambazo jicho la mtu halifiki kamwe: waya ulio chini ya bahari, chombo kilichorushwa angani, kitu kilichotiwa ndani ya mwili wa mgonjwa. Huko kupona kwa siri hakuna mbadala, na atakayekukataa kwa sababu ya mawazo mazuri juu ya ukweli aende mwenyewe akauzibe ufa. Lakini vitu vingi twavitumia karibu nasi, na watu wa kwetu hununua vingi vilivyokwisha kutumiwa na wengine. Gari, pikipiki, tangi, bomba, vyote hutufikia vikiwa na habari zake za zamani, na muuzaji hatuhesabii mapigo viliyoyapata. Siku vitu hivyo vitakapokuwa vyajiponya, kitu kilichoumia mara tano na kitu kisichoumia hata mara moja vitakaa dukani bega kwa bega, vyote laini. Bei yake isiwe moja. Lakini nani atajua?

Nilipokuwa nikilifikiri jambo hili, nilikuta kwamba watu wa Illinois wenyewe walikwisha kulifikiri kabla yangu, nami nikafurahi na kuona haya kidogo. Mwaka 2009 walitangaza plastiki ambayo ndani ya minyororo yake wametia chembe zibadilikazo zinapovutwa kwa nguvu: kitu kikilemewa karibu na kukatika, huwa chekundu mahali pale palipolemewa. Na mwaka 2016 walitangaza vifuko vingine, vidogo kama vile vya kwanza, lakini ndani yake si dawa bali rangi. Ufa ukivipasua, rangi hutoka, yagusana na epoksi, na manjano yake hafifu yageuka kuwa nyekundu. Mtu apitaye huona mstari mwekundu mahali ambapo jicho lake tupu lisingaliona kitu.

Hicho cha pili hakiponyi cho chote. Huonyesha tu. Na mtu akiniambia nichague kimoja kwa ajili ya kofia, kati ya kifuko cha dawa na kifuko cha rangi, nitachagua cha rangi. Najua uchaguzi huu utawashangaza wengine, maana dawa yafanya kazi na rangi yasema tu. Lakini kwa dawa peke yake mwenye kofia hubaki hajui, na kwa rangi peke yake aweza kwenda polepole, aweza kuikataa, aweza kumwambia mwenzake. Kupata vyote viwili ni bora, na sioni sababu kwa nini fundi mwenye akili hiyo asivitie pamoja, kitu kikapona na huku kikabaki na alama nyekundu ya mahali kilipoumia. Mwili wetu nao hufanya hivyo. Kovu halirudishi nguvu zote. Lakini hukumbusha, wala kwa kawaida hatumwiti daktari aje kuliondoa.

Ndugu mmoja aliyesoma maneno haya kabla hayajapelekwa kupigwa chapa aliniuliza kama si afadhali niiache habari ya kofia, kwa sababu ya heshima ya kazi yangu. Nilimjibu kwamba dawa ya viatu nimekwisha kuitumia mara moja.

Mwinjilisti alipona, naye ana kovu juu ya sikio. Nalimnunulia kofia mpya. Kabla ya kumpa niligeuza kitambaa cha ndani, nikaandika kwa kalamu isiyofutika tarehe ya kununuliwa, na chini yake nikapiga mistari mitupu, apate kuandika kila siku itakapoanguka. Alicheka, akasema ni kama cheti cha kliniki cha mtoto. Miezi michache baadaye niliiazima kwa safari fupi, nami nilipokuwa nikiivua ikaniponyoka mkononi, ikapiga sakafu ya saruji. Sikuona alama yo yote. Nikatafuta kalamu, nikaandika tarehe katika mstari wa kwanza, kisha nikampelekea mwenyewe jioni ile ile, aitazame kabla hajaivaa.